Shangazi Aliyekalia Mashine

Kwa mujibu wa Nicanor Batiz, mshona nyavu ambaye kibanda chake kinatazamana na banda la akina mama, mashine ilimrusha Eulogia Norales juu mpaka akadaka boriti ya paa. "Nimeona kwa macho yangu," anasema. "Viatu vimebaki chini, mwenyewe yuko juu anaita watakatifu wote."

Eulogia, mwenye miaka sitini na mitatu, anamenya muhogo pembeni huku akicheka mpaka kisu kinamtetemeka mkononi. "Mwongo mkubwa wewe! Nilianguka chini, tena kwa tako. Ningefika juu ya paa ungelipa kiingilio."

Ni saa mbili asubuhi hapa Barra Escondida, kijiji cha Wagarifuna katika pwani ya Honduras. Dámaris Guity, mpwa wa Eulogia, amelala chali chini ya mashine ya pili, anakaza bolti ya mwisho. Ana miaka ishirini na minane. Katika karakana anakofanya kazi, mjini La Ceiba, yeye ndiye mwanamke pekee na mweusi pekee anayechora mashine na kuzichomelea.

Leo bosi anakuja. Mashine hii ikikataliwa, mradi wa kukamua muhogo unafungwa, na Dámaris anarudi kuchomelea mageti ya watu.

Muhogo wa mkate wao, ereba, ni mchungu na una sumu. Hukunwa, kisha lazima maji yote yatoke. Tangu zamani machicha hushindiliwa ndani ya ruguma, kikapu chembamba, kirefu kama soksi. Kikapu hutundikwa, gogo hupitishwa kwenye kitanzi chake cha chini, na akina mama hulikalia gogo wakipiga soga. Uzito wao hukivuta kikapu, nacho hubana.

Mashine ya kwanza ilichorwa mjini. Mota ilivuta kwa nguvu na kwa pupa. "Nje pakawa pakavu kama unga, ndani bado uji," anasema Dámaris. "Nilikuwa nimewatajia mafundi wenzangu habari ya gogo. Wakaniuliza kama na ngoma nazo tuzilete."

Siku ya majaribio mota ikazimika. Mafundi wakainamia nyaya. Eulogia alikuwa amechoka kusimama, akaona chuma kilichovutwa na mota kimelala mbele yake kama gogo. Akakaa, kama alivyozoea tangu alipokuwa binti. Wenzake wawili wakamfuata. Hakuna aliyeomba ruhusa, maana kwao hapo ndipo mahali pa kukaa. Chuma kikapinda, wote watatu wakaenda chini.

"Lakini kabla hakijapinda!" Dámaris ameinuka sasa, mikono hewani, grisi mpaka kwenye nyusi. "Maji yalitoka, yalitoka hasa! Kuliko mota ilivyokamua asubuhi nzima. Nikapiga kelele, wao wakadhani nalilia mashine."

"Mimi nilidhani unanililia mimi," Eulogia anadakia.

Alichokiona Dámaris siku ile ndicho kilichomkosesha usingizi. Mota ilivuta kwa kishindo, ikayaziba maji ndani. Mtu aliyekaa hushuka taratibu kadiri machicha yanavyoshuka, wala hachoki kubana. Basi akaing'oa mota. Badala yake akachomelea mkono mrefu wa chuma, na mwisho wake benchi yenye mgongo wa kuegemea.

Injinia Zelaya, bosi wake, anashuka garini akijifuta jasho. Akina mama watatu, Eulogia akiwa mmoja wao, wanapanda kwenye benchi.

"Songa, Teófila, umekalia nusu yangu."

"Nusu yako ni kubwa kuliko benchi, dada."

Mkono unashuka. Maji meupe yanaanza kuchirizika kwenye ndoo, kisha yanamiminika. Kahawa inanywewa, watu wanasengenywa. Inapofika saa nne Dámaris anafungua chombo, na Zelaya anavunja bonge la machicha kwa vidole.

"Pakavu mpaka katikati!" anapaza sauti. "Guity, mota umeificha wapi?"

"Hizo hapo tatu, bosi. Zinapiga soga."

Zelaya anacheka mpaka anashika kiuno. "Tengeneza nyingine tano."

Banda linalipuka kwa vigelegele. Teófila anacheza na ndoo kichwani. Dámaris amekumbatiwa na watu wengi mno hata haonekani.

Anapochomoza, anasema ndoto yake ni karakana hapahapa kijijini, wasichana wajifunze kuchomelea. Lakini kwanza anamfuata bosi.

"Nina ombi. Ile mashine ya kukamua mafuta ya nazi tunayoanza mwezi ujao. Naomba shangazi awepo siku ya kuchora, siyo siku ya kujaribu. Akae mezani pamoja nasi, na alipwe kama sisi."

"Jumatatu nina nafasi," Eulogia anasema kutoka kwenye benchi.

Zelaya anavua kofia, anajipepea. Anamtazama mama yule, kisha anaitazama benchi, kisha mikono yake mwenyewe iliyojaa machicha. "Basi tuanze Jumatatu," anasema, "na malipo yawe sawa."