Bwana wa Sindano

Msinihimize, kalamu nimeanza kuishika uzeeni na habari yenyewe inanichoma. Katika maabara yetu ya kuchunguza mbao hapa Tampere, Ufini, kulikuwa na bwana aliyeinamia hadubini kutwa, akichuna kwa sindano kuta za chembe za msonobari, tabaka baada ya tabaka, ili wenzake wapime kila tabaka lina sukari gani. Hata kupumua aligeuza uso pembeni, yasipeperuke. Kahawa yake ilipoa kila siku. Mimi nilikuwa mwosha vyombo, na hakuna aliyewahi kunirudishia chombo kichafu. Asubuhi moja nikakuta kisahani cha kioo mezani kwake, kitupu machoni pangu, nikakisugua kikang'aa. Kumbe kilikuwa na matabaka ya nje, membamba hayaonekani, kazi ya majira mazima ya baridi. Profesa Kivimäki, mkuu wa maabara, akaja juu. "Yako wapi?" Yule bwana akaitazama mikono yangu yenye povu. "Nilipiga chafya, Profesa." "Chafya! Wewe mtaalamu au mbuzi?" Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka nao. Yeye akakata kibanzi kipya, akainama, akaanza upya. Wewe unayesoma, mpelekee profesa karatasi hii, umsomee kwa sauti mbele ya wote waliocheka.