Mama Mkwe Kwenye Ubao wa Marafiki

Herman alikuwa na studio ya picha pale Nyasubi, Kahama, mlango wa pili kutoka duka la vitambaa la Champaben, na mdomo wake ulikuwa maarufu kuliko kamera yake. Uliingia kupiga picha ya kitambulisho, ukatoka na picha nne na habari za mtaa mzima. Watu walimpenda, maana hakuwa na roho mbaya. Tatizo ni kwamba hakuwa na breki.

Mwaka wa tisini na tisa akakosa breki mahali pabaya. Mbele ya wateja waliojaa kwenye benchi, alisimulia jinsi mama mkwe wake, Apolonia, alivyosinzia kanisani. Padri aliposema "Bwana awe nanyi," mama akashtuka usingizini, akajibu kwa sauti, "Mwambieni aingie, chai ipo." Benchi zima lilicheka mpaka mteja mmoja akaharibu picha mbili.

Sasa mama mkwe, kwa Wasukuma, si mtu wa kuchezea. Ukimwona anakuja barabarani unaacha njia, unageuza uso, unasubiri apite. Humtazami machoni, hukai naye mkeka mmoja, na mkiwa na neno mnalipitisha kwa mtu mwingine. Herman hayo yote aliyashika vizuri. Mwili wake ulikuwa na adabu kabisa. Mdomo ndio ulikuwa unatembea peke yake.

Kile kichekesho kilifika Ngokolo, Shinyanga mjini, kwa Apolonia, kabla wiki haijaisha. Mke wa Herman, Philomena, akafunga mizigo, akambeba mtoto wao Januari mgongoni, akaenda kwao. Baadaye mjomba wa Philomena akaleta ujumbe: "Mama anasema mdomo wako ukipoa, atamleta mkeo kwa mkono wake mwenyewe. Ila kwanza atakuja kutazama."

Herman akabaki na sufuria moja na kitanda kikubwa. Kila jioni alikuwa anapika ugali wa watu wawili, anakula wa mmoja.

Ndipo akaja Sunil. Huyu alikuwa mtoto wa Champaben, karudi kutoka masomoni Dar es Salaam na kompyuta iliyokaa nyuma ya duka chini ya kitenge, isipate vumbi. Sunil alikuwa na wazo. Watu wanapotea kwenye machimbo ya dhahabu. Mtu anatoka kwao anakwenda Geita, anabadilisha shimo, anabadilisha jina, ndugu zake wanamtafuta miaka. Yeye alitaka atengeneze mahali kwenye mtandao wa kompyuta, kila mtu awe na ukurasa wake, picha yake, na majina ya wenzake, ili ukimpata mmoja uwapate wote.

"Na simu zenyewe hizi za kukatikakatika?" Herman akamuuliza.

"Simu zitakuja, kaka. Mimi nataka zikifika zinikute tayari. Ila kwanza najaribu kwa karatasi. Ukijenga kabla hujajaribu, unakuja kubomoa."

Wakasimamisha ubao wa plaiwudi barazani, katikati ya duka na studio. Picha ndiyo ukurasa. Uzi mwekundu kutoka picha hadi picha ndio urafiki. Juu Sunil akaandika kwa herufi kubwa: MARAFIKI. Kazi ya Herman ilikuwa kuwa kompyuta.

"Kuwa nini?"

"Kompyuta. Mtu akichagua, wewe unafunga uzi. Na kanuni ni moja: watu wawili wakiwa na rafiki mmoja, na wao unawaunganisha. Huulizi. Kompyuta haiulizi. Na mtu akikwama usimsaidie. Mwache akwame, mimi niandike amekwama wapi."

Kumwambia Herman anyamaze ilikuwa kama kumwambia jogoo asubiri saa nne. Mtu wa kwanza alikuwa Ngusa, mchimbaji wa Geita, mwanaapolo kama wanavyojiita wenyewe, na tope la shimoni bado liko kwenye viatu. Akasimama mbele ya ubao akiwa na picha ya kaka yake mkononi, akazungusha macho.

"Namweka wapi?"

Sunil akamtazama, akaandika.

"Nyie mbona mnanitazama kama nimeiba?"

Herman akashindwa. "Mweke hapo, ndugu yangu, karibu na picha yako, halafu nakufungia uzi, mnakuwa marafiki."

"Huyu si rafiki yangu. Huyu ni kaka yangu, tena tumegombana."

"Weka tu. Ndivyo kompyuta inavyotaka."

Ngusa alipoondoka, Sunil akashusha kalamu. "Kaka Herman, ukimsaidia, nitajuaje kama ubao wangu ni mzuri au ni wewe tu mwenye maneno mazuri?"

Herman akaona haya kidogo, akaahidi. Na kweli, siku zilizofuata alijifunza. Aliuma midomo, alikohoa, alikwenda kunywa maji, lakini alinyamaza. Hata wateja wakaanza kuulizana kama anaumwa. Mwenyewe akawa anajisifu moyoni kwamba habari hizo nazo zitafika Ngokolo.

Lakini ubao ulikuwa mtupu. Watu walikuwa wanakuja, wanaona sura tatu nne, wanaogopa kuwa wa tano. Herman akapata akili. Studioni alikuwa na boksi zima la picha za ziada, zile ambazo mteja anachukua mbili kati ya nne. Akazimwaga ubaoni: mafundi cherehani, wauza samaki, katekista, wachimbaji wanaocheka na wachimbaji walionuna.

"Umewauliza?" Sunil akauliza.

"Hawa wote ni watu wangu. Nimewapiga kwa mkono huu."

Sunil akautazama ubao uliojaa, ukapendeza kweli, akaacha kuuliza.

Na kwa kuwa alikuwa anamkumbuka mkewe, Herman akaweka picha yake na ya Philomena pamoja, akafunga uzi. Halafu akaona si vizuri mtoto wa watu akae ubaoni bila mama yake. Akatafuta ile picha ya Apolonia ya siku ya harusi, ambayo bosi wake wa zamani pale studioni aliipiga, mama kavaa gauni la bluu na uso wa mgeni wa kiti cha mbele. Akaibandika kwa heshima zote, mjini wamwone. Akamfunga na binti yake. Halafu kanuni ikaja yenyewe: Herman rafiki yake Philomena, Philomena rafiki yake Apolonia. Wawili wenye rafiki mmoja. Huulizi. Uzi ulikuwa umebaki kipande kifupi, basi akasogeza picha ili ufike. Yeye alipigwa akitazama kulia, mama alipigwa akitazama kushoto. Kompyuta ile ilifunga kazi, ikaenda kunywa chai.

Siku tatu za soko watu walipita pale. Waliojua wakacheka huku wameziba midomo. Hakuna aliyemwambia. Labda na wao walidhani mtu akikwama haruhusiwi kusaidiwa.

Jumamosi asubuhi Herman alikuwa barazani. Akaona kwa mbali, kutoka upande wa stendi, kitenge anachokijua na mwendo anaoujua. Mama mkwe. Moyo ukaruka kwa furaha. Bila kufikiri, kama mkwe mwenye adabu, akageuza uso, akaingia studioni, akapita hadi chumba cha giza cha kusafishia picha, akajifungia. Akasimama pale, kifua mbele, akajisemea kwamba leo mama ataona mkwe alivyo.

Ndipo akakumbuka ubao.

Akashika kitasa. Lakini angetokaje? Ili kuitoa ile picha ilibidi asimame ana kwa ana na mwenye picha. Ukuta wenyewe ulikuwa wa mbao, na sauti ya Apolonia ikaja kama wamekaa pamoja.

"Mwangaluka, baba," akasalimia Kisukuma.

"Shikamoo, mama," Sunil akajibu.

"Marahaba. Hiki ni nini?"

"Ubao wa watu kupatana. Utazame tu, mama, kama vile uko peke yako."

"Peke yangu? Mimi hapa naona nimefungwa na mtu."

Kalamu ya Sunil ikasikika ikikwaruza karatasi.

"Unaandika nini?"

"Ulichosema, mama."

"Haya, andika na hili. Juu hapa wameandika marafiki. Mimi na huyu tumekuwa marafiki lini? Tulikula wapi? Tumetazamana hivi pua kwa pua tangu lini?"

Huko ndani Herman alikuwa ameketi juu ya ndoo. Alitaka Sunil aseme kitu, chochote, lakini kijana alikuwa anashika kanuni yake kama katekista.

"Sasa, baba, mtu akitaka kutoka humu anatokea wapi?"

"Kutoka hatujakufikiria, mama."

"Mlifikiria kuingia tu."

Hapo Champaben akatoka dukani, utepe wa kupimia vitambaa shingoni. "Sunil, huyu ni mama mkwe wake Herman. Huoni? Toa hiyo picha."

"Mama, hili ni jaribio, siruhusiwi kumsai..."

"Toa."

"Acha, Mama Sunil," Apolonia akasema taratibu. "Aliyefunga atafungua. Wewe ukimwona mwenye studio, mwambie kwamba binti yangu yuko stendi na mtoto na mabegi. Nilitangulia kutazama kama kumetulia. Mdomo kweli nasikia umepoa. Sikujua na mikono inasema."

Kandambili zake zikaondoka bila haraka.

Champaben akaja kugonga mlango wa chumba cha giza. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi kimbia stendi."

"Nitampitaje? Barabara ni moja."

Champaben akafikiri, akaona ni kweli, akarudi dukani. Herman akabaki juu ya ndoo mpaka akasikia honi ya basi la Shinyanga likiondoka na Philomena. Alipotoka, mwanga ulimuumiza macho. Akafungua ule uzi mbele ya wauza samaki wa pale nje, ambao leo hawakucheka, na hilo ndilo lilimuuma zaidi.

Akatuma ombi la radhi kupitia mjomba, pamoja na mbuzi. Mbuzi akarudishwa. Apolonia alitaka vitu viwili tu: ile picha, na ile filamu nyeusi inayozaa picha.

Herman akaitafuta filamu ya harusi, akaiinua dirishani. Mama mkwe alikuwa hapo, mweupe kwa mweusi, na pembeni yake kabisa, kwenye filamu hiyohiyo, Herman na Philomena siku ya ndoa yao. Nafasi ya kupitisha mkasi ilikuwa nyembamba kama ukucha. Akaamua asimguse mama hata kidogo. Mkasi ukapita kwenye bega lake mwenyewe pale filamuni. Akafunga kile kipande pamoja na ile picha kwenye karatasi, akampa Sunil apeleke Ngokolo, maana yeye hakuwa na uso wa kupeleka.

Philomena akarudi baada ya mwezi. Alikuja na mtoto mgongoni na begi kichwani. Mkono wa mama yake, ule ulioahidiwa, haukuwepo. Herman alitazama nyuma yake barabarani kwa muda, akaona hakuna mtu, akampokea begi.

Philomena akasimama mbele ya ubao. Picha nyingi za ziada zilikuwa zimerudi kwenye boksi. Sunil alikuwa amegongomelea msumari pembeni, akaning'iniza mkasi, na chini yake maandishi: ANAYETAKA KUTOKA. Ile picha ya Philomena ilikuwa bado ipo, imefungwa kwa Herman.

"Na mimi hukuniuliza," akasema.

Akachukua mkasi. Herman akashika begi vizuri, akatazama chini. Philomena akaupima mkasi mkononi, akaurudisha msumarini.

"Uliza basi, Baba Januari."

Wauza samaki wakageuka. Herman, na mdomo wake ule wote, akaufungua, akaufunga, akakwama. Sunil alikuwa mlangoni na kalamu yake, anatazama, na hakumsaidia.