Mlio wa Injini Baridi

Mume wangu alikuwa hasikii vizuri, na alikuwa hataki kuambiwa. Miaka ya kukaa karibu na injini za dizeli ilimla masikio taratibu, ikamwachia sauti ya kubomoa ukuta na kiburi cha kudai kila mtu ananong'ona. Kwa hiyo lori lilipoanza kudonoa, aliyesikia ni mie.

Lori lilikuwa la tajiri wake, ila lililala kwetu Temeke, ubavuni mwa nyumba, boneti limeelekea dirisha la chumba chetu. Kila alfajiri analiwasha, analiacha lipate moto huku yeye anapiga mswaki, na moshi unaingia mpaka kwenye chandarua cha mwanangu. Mtoto alikuwa mchanga bado, usingizi wangu wa kuokoteza. Ndani ya ile ngurumo nilisikia kitu kingine: ti, ti, ti, ti, kama kuku anayedonoa punje juu ya bati. Akikanyaga mafuta, kuku naye anaharakisha. Mpaka nimalize kumbadilisha mtoto nepi, mlio umekwisha.

"Lori lako linagonga," nikamwambia.

"Dizeli zote zinagonga."

"Hili linagonga na kingine."

"Mama mtoto, shuleni ulisomea kushona. Niachie lori langu."

Ningemwachia, kama ni chuma tu kilichokuwa kinaumia. Lakini safari za Iringa zilikuwa zikimrudisha mgonjwa. Kichwa kinampasuka, chakula hataki hata kukinusa, anakaa barazani macho mekundu. Majirani walishakata shauri kwamba anakunywa. Nalala naye kitanda kimoja, pombe ningeijua! Safari ya mwisho alisinzia mchana kweupe, akazindukana lori liko majanini, gurudumu la mbele linatazama bonde. Alinisimulia huku anacheka. Nikamwuliza, kule milimani na baridi ile unafanyaje?

"Nafunga vioo. Ulitaka nijifunike kanga?"

"Na kichwa kinakushika wapi?"

Akafikiri. "Huko huko."

Shuleni, mbali na kushona, tulifundishwa pia kwamba ukilala na jiko la mkaa chumba kimefungwa, unaamka hivyo hivyo, ukibahatika kuamka. Na Jumatatu alikuwa aondoke tena, na mzigo wa mabati.

Jumamosi nikambeba mtoto mgongoni, nikaenda gereji bila kumuaga mume wangu. Fundi wa pale alikuwa mtu wa kwao mume wangu, wa kusini, walikuja mjini pamoja.

"Shemeji, lile lori nimeshalifungua," akasema. "Tapeti nimepima, nozeli moja ya kupulizia dizeli nimebadilisha. Halina kitu."

"Ulilisikiliza likiwa baridi?"

"Nililisikiliza lilipofika hapa."

"Likifika hapa limeshatoka Temeke, limeshapata moto. Linalia likiwa baridi."

Akawageukia wenzake. "Jamani, shemeji kaja kutufundisha kazi!"

"Cheka. Akitumbukia bondeni uje ucheke na matangani."

Hapo hawakucheka tena. Akafuta mikono, akasema kesho atakuja, lori lisiwashwe kabla hajafika.

Usiulize nilivyosemwa usiku ule. Nimemtangaza mjini, nimemfanya mtoto mbele ya mafundi. Nami nilijibu, sikunyamaza hata kidogo.

Fundi alikuja, akakataa chai, akafungua boneti. Lori likawashwa. Ti, ti, ti. Nikamwona uso unabadilika. Akachukua bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma, mpini sikioni, akavipitia vifuniko vya tapeti juu ya injini kimoja kimoja. Akatikisa kichwa. Kisha akawa analegeza nati za vibomba vya dizeli, anazima nozeli moja, anairudisha, anakwenda ya pili. Alipoifikia ya mwisho, iliyo karibu na miguu ya dereva, mlio ukafifia.

"Nozeli," akasema.

"Si ndiyo uliyobadilisha?"

Akakubali kwa kichwa. Mlio ulikuwa unapungua wenyewe sasa, injini inapata moto, nami nikaona tutaikosa hiyo nafasi mpaka kesho. Nikakimbilia beseni la nepi, nikachota povu la sabuni kwa viganja viwili.

"Wewe tyubu ya baiskeli unaitafutaje tobo? Kama si nozeli, moshi unavuja. Paka unapotokea!"

Akapaka palepale bomba la moshi linapobanwa kwenye injini, upande wa ile silinda ya mwisho. Povu likaanza kurukaruka: fu, fu, fu, sawasawa na mlio. Akaingiza vidole nyuma, vikatoka na masizi. Bolti lilikuwa limekatika mahali pasipoonekana. Chuma kikipata moto kinatanuka, akasema, kinajiziba kidogo. Ila ukipanda mlima na mzigo moshi unapasukuma tena, unapita kwenye tundu la pedeli, unaingia ndani kwa dereva.

Mume wangu aliinamisha kichwa mpaka karibu aguse injini.

"Mie sisikii kitu," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo.

Fundi akamshika mkono, akauweka mbele ya lile povu. Mume wangu akauacha pale, kiganja kikipigwa na ule moshi, mpaka injini ilipojiziba yenyewe.

Ungedhani yameisha. Lile bolti lilitaka siku nzima kulitoboa na kulitoa, na bwana akaanza: tajiri atampa mtu mwingine lori, niacheni niende, nitafungua vioo. Nikapanda lori na mtoto, nikakaa kiti cha pembeni.

"Twende wote. Na vioo funga, mtoto ana mafua."

"Teremka."

"Siteremki."

Fundi akajifanya anatafuta spana. Mtoto akaanza kulia. Mume wangu akatutazama pale juu, kisha akazima injini, akampa fundi ufunguo.

Aliondoka Jumanne, baada ya kutukanwa na tajiri. Siku zile sikukaa. Nilifua nguo zilizo safi, nikagombana na jirani, kila lori likipita nje natoka na mtoto titini. Aliporudi alianza kupiga kelele za njaa kabla hajateremka. Akala, akaniambia mboga haina chumvi.

Nilitaka kumpiga na mwiko. Nikamletea chumvi.