Kuku wa Baba na Wachoraji wa Bwana Shuka

Harufu ya karatasi iliyokaa na sabuni ya mche hunirudisha kijijini kwetu Igamba hata leo. Juzi nilikuwa dukani Mlowo, mwenye duka akafungua boksi la sabuni lililotandikwa magazeti ya zamani, nami nikajikuta nimeinamisha pua pale kama mbuzi. "Bibi, unatafuta nini?" akaniuliza. Ningemjibu nini? Nilikuwa natafuta vifurushi vya baba.

Baba yetu alifanya kazi kwenye migodi ya shaba, ng'ambo ya mpaka, Rhodesia ya Kaskazini, kama wanaume wengi wa kwetu enzi za Mwingereza. Mara moja au mbili kwa mwaka, mtu aliyekuwa akirudi nyumbani kupitia Tunduma alituletea kifurushi: sabuni, vikombe vya bati, pengine na kitambaa cha mama. Ili vikombe visichubuke, baba alivizungushia kurasa za vitabu vya picha vilivyotupwa na watoto wa Wazungu wa mgodini. Mama alifurahia vikombe. Mimi na kaka yangu Ezekia tulinyang'anyana zile karatasi, tukazilaza chini ya mkeka zinyooke.

Humo ndimo tulimokutana na Bwana Shuka. Jina lake halisi liliandikwa kwa Kiingereza, ambacho shule yetu ya misheni ilikuwa haijatufikishia, basi tulimbatiza wenyewe kwa lile shuka jekundu alilofunga shingoni. Alivaa kinyago cha buluu, akaruka maghorofa, akainua magari kwa mkono mmoja. Na chupi aliivalia juu ya suruali, jambo lililomsikitisha sana bibi yetu mzaa baba. "Mtu mzima huyo," alisema, "hana mke wa kumwambia?"

Watoto wengine wangehangaika na nani kapigwa na nani kaokolewa. Sisi maneno hatukuyaweza, na kurasa zilikuja bila mpangilio, mwanzo wa kisa hiki na mwisho wa kile, kwa hiyo tulibaki kuuangalia uchoraji wenyewe. Tuliuangalia mpaka tukagundua kitu cha ajabu. Nguo za Bwana Shuka zilikuwa zilezile siku zote, lakini mara taya lilikuwa pana, mara limechongoka, mara masikio yamesogea juu. Ezekia aliamua kwamba anaumwa. Mimi nikasema hapana, wanaomchora ni watu watatu.

Majina yao hatukuyajua, tukawapa ya kwetu. Bwana Jembe ndiye aliyechora yale mataya mapana, na Ezekia alimpenda kupita kiasi, maana kwenye kurasa zake hata mto wa kulalia ulionekana una misuli. Mvivu hakuweza kuchora miguu, basi kila mara alimsimamisha shujaa wetu kwenye moshi, kwenye majani, au nyuma ya pipa. Wa kwangu alikuwa Fundi Vidole. Huyo alichora mikono, jamani! Kila kidole kilikuwa na shughuli yake, na mstari wake ulikwenda bila kusita, mwembamba, ukinenepa kidogo kwenye kona. Tulibishana juu ya hao watatu tulipotumwa kufukuza ndege kwenye ulezi, tukabishana mpaka ndege wakashiba na sisi tukachapwa. Nilifika mahali ungenionyesha kiatu tu, au sikio, nikakwambia kakichora nani. Majirani wote walijua kwamba mimi Eliza nina macho.

Macho hayo ndiyo yaliyotuletea balaa.

Baba hakujua kuandika. Barua zake ziliandikwa na yeyote aliyepatikana kambini, leo karani, kesho mwinjilisti, kwa hiyo mwandiko haukutuambia lolote. Ili tujue kuwa maneno ni yake kweli, mwishoni alichora kuku kwa mkono wake mwenyewe, kwa mstari mmoja usiokatika. Alianzia mkiani, akapita mgongoni, akazungusha kishungi, akashuka kifuani. Mama naye hakujua kusoma. Barua ikifika aliitazama kwanza pale chini, akatabasamu, ndipo akanipa mimi niisome.

Mwaka mmoja ilipita miezi mingi bila barua. Kimya cha namna hiyo tulikijua. Walikuwapo wanaume wa Mbozi waliooa wanawake wengine huko mgodini na hawakuonekana tena, na wake zao tulikuwa tunawaona Misheni siku za Jumapili, wakitoka kanisani upesi kabla watu hawajawasalimia. Mama alianza kuamka mapema kuliko kawaida, akifagia ua uliokwisha kufagiwa.

Mwishowe barua ikaja. Tulikuwa tunachambua kahawa kwenye kitanda cha kukaushia, mama, bibi, Ezekia na jirani zetu wawili. Nikasoma kwamba baba ni mzima, kazi ni nyingi, tusiwe na wasiwasi. Kisha nikamtazama kuku.

Nilipaswa kunyamaza. Lakini nilikuwa na miaka kumi na moja, na sifa zilikuwa zimenipanda kichwani. Nikatangaza kwa sauti ya mwalimu, "Huyu kuku hakuchorwa na baba." Bibi akataka nirudie. Nikarudia, tena kwa maelezo: mstari umekatika mara nne, umeanzia kichwani badala ya mkiani, na kuku mwenyewe anatazama upande mwingine. Jirani mmoja akasema bila kuinua macho kutoka kwenye kahawa, "Basi kapata wa kumchorea."

Mama aliikunja barua mpaka ikawa ndogo mno, akaichomeka kwenye mkunjo wa nguo yake. Bibi alimtetea mwanawe kwa siku mbili, kisha akaacha. Siku ya nne nikamkuta mama anafunga nguo zake, anataka kurudi kwao upande wa Tunduma.

"Sitakaa hapa kusubiri barua za mtu nisiyemjua," alimwambia bibi.

Sisi watoto tungebaki, kwa kuwa tulikuwa wa ukoo wa baba. Ezekia alinivuta nyuma ya ghala, akaniambia, "Nenda kamwambie umekosea." Nikakataa. Nililia hadi kwikwi zikanishika, lakini nikakataa, kwa kuwa nilikuwa nimeona sawasawa.

Mama alikuwa aondoke Jumatatu. Jumamosi akaingia uani Bwana Simbeye, aliyekuwa kambi moja na baba, akisukuma baiskeli yenye kifurushi.

"Mukwai, Mama Ezekia," alisema, maana heshima za Kibemba zilikuwa zimemkaa mdomoni. "Mwenzangu alinikataza nisiseme. Lakini akirudi mtamwona wenyewe."

Jiwe lilikuwa limemwangukia baba mgodini na kumkata vidole vitatu vya mkono wa kulia. Alilazwa muda mrefu. Alipotoka alikataa kutuma barua yoyote mpaka ajifunze kumchora kuku kwa mkono wa kushoto, mama asije akashtuka. Alichora kuku kwenye kila kipande cha karatasi alichokipata, kambi nzima ikamcheka, naye akaendelea.

Mama alimtazama Bwana Simbeye. "Vidole tu?"

"Vitatu, Mama Ezekia. Na ndio mkono wa kazi."

"Hakuna kingine? Hakuna mtu?"

"Mtu gani?"

Mama akapiga magoti palepale uani, kwenye maganda ya kahawa. "Asante, Mungu wangu," akasema, "asante," huku anacheka na machozi yanamtiririka. Bwana Simbeye alivua kofia, akamgeukia bibi aone la kufanya. Mimi nilisimama na barua za zamani kifuani, zile nilizokuwa nikilinganishia kuku, nikimchukia mama yangu kwa mara ya kwanza maishani. Baba kakatika vidole, na huyu anashukuru!

Baba aliporudi nilimwomba radhi. Alicheka, akasema nilimwonea huyo kuku wa kushoto, amemtoa jasho kuliko mwamba. Siku hizi nafikiri kwamba mjuzi kweli angeona namna kalamu ilivyokandamizwa, ile mistari iliyotetemeka na kurudiwa, akajua kwamba mtu yuleyule anajifunza upya. Mimi nilichoona ni kosa la uchoraji.

Mama nilimwekea kinyongo kwa miaka. Niliolewa na dereva wa lori la mahindi. Safari moja alichelewa siku tatu, na katika siku hizo mawazoni nilimzika, nikamwoza wanawake wawili, nikamzika tena. Siku ya nne mtu akaja kuniambia lori limepinduka na mguu wa mume wangu umevunjika. "Asante, Mungu wangu," nikasema kwa sauti, kabla sijajua kinywa changu kinasema nini. Binti yangu mkubwa alikuwa mlangoni na ndoo ya maji. Alinitazama, nami niliyajua yale macho, ndiyo niliyomtazama nayo mama siku ile uani, na mama yangu alikuwa ameshafariki, sikuwa na wa kumwomba radhi.