Tiketi Niliyopewa Bila Kupingwa

Siku ambayo haijanitoka akilini, mwanangu, ni siku niliyopongezwa kwa ushindi ambao sikuupigania. Ilikuwa hapa Kitale, katika ofisi ya tawi la chama. Mwenyekiti wa tawi alinishika mkono kwa mikono yake miwili akatangaza kwamba mimi, Mama Kamau wa Matisi, ndiye mgombea wa udiwani wa wadi yetu. Mchujo hautakuwepo. Aliyekuwa akishindana nami kuitafuta tiketi ile amejiondoa, tukaambiwa, kwa ajili ya umoja.

Nilikuwa na miaka thelathini na minne. Siku hizo tulikuwa bado tunachagua madiwani, haya mambo ya kaunti hayajafika. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Nakuambia haya kwa sababu nimesikia na wewe unaitafuta tiketi ya chama, umefika pale pale. Nimeambiwa umepigiwa simu, ati utulie tu, wale wengine watazungumziwa, cheti cha kugombea utaletewa nyumbani. Nilipopata habari hiyo chai yangu ilipoa mezani. Mimi ni mtu wa shaka, unanijua. Nikipewa zawadi naigeuza juu chini natafuta ilipopasuka. Lakini sikuzaliwa hivi, na siku ile sikugeuza chochote.

Lazima kwanza nikwambie jambo ambalo kwa miaka mingi sikutaka kulisema. Mimi nilizaliwa Kanduyi, pale ukingoni mwa mji wa Bungoma, nikaolewa Matisi. Mume wangu alikuwa wa zile familia zilizotoka Kenya ya kati kuja Trans-Nzoia kutafuta shamba, watu wa kanisa na wa biashara. Alifariki mtoto wetu Kamau akiwa na miaka minane. Ndugu zake wakanikasirikia kwa ajili ya ploti tuliyojenga, wakaacha kukanyaga kwangu. Kamau alipofika umri wa kutahiriwa, niliwatumia habari mara tatu. Kwa desturi yao kijana hupewa mtu mzima wa kumsimamia. Hakuja mtu. Basi nikampeleka kwa kaka yangu Wekesa huko Kanduyi, akatahiriwa kwa mila yetu ya Kibukusu, mbele ya watu, akiwa amepakwa tope la mtoni. Hakupepesa jicho.

Nilirudi Matisi na furaha na aibu pamoja. Majirani waliuliza kwa nini mtoto ametahiriwa kwa wajomba na hali baba yake ana ndugu, nami sikutaka kuanika ugomvi wa nyumba ya marehemu. Nikanyamaza. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilidhani hayo yalisemwa kwa ajili ya wagonjwa.

Sasa huyo mshindani wangu aliyejiondoa. Aliitwa Mwalimu Barasa, mwalimu mstaafu, Mbukusu kama mimi ila yeye alizeekea Matisi. Kazi yake ilikuwa kuuliza. Akikukuta sokoni atakuuliza maji yatatoka wapi, akikukuta kanisani atakuuliza hilo soko ulilotuahidi litajengwa uwanja gani. Nilimwogopa kama mtoto ambaye hajafanya kazi ya nyumbani. Nikimwona kwa mbali navuka barabara. Nilikuwa na hakika ananichimbia kaburi. Kwa hiyo niliposikia amejiondoa, nilipiga magoti nikamshukuru Mungu.

Na nilikitaka kiti kile, mwanangu. Nilikitaka kwa sababu akina mama wa soko letu walikuwa wanauza mboga kwenye matope, mvua ikinyesha wanafunika sukuma wiki kwa leso zao na wao wenyewe wanalowa. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilitaka tupate paa. Hilo tu.

Kampeni ilienda vizuri mpaka siku tatu kabla ya kura. Tulikuwa uwanjani, wagombea wote, na mpinzani wangu wa chama kingine, mfanyabiashara mwenye duka la mbao, akachukua kipaza sauti. Hakupiga kelele. Aliongea kama mtu anayeuliza bei.

"Watu wa Matisi, mimi sina maneno mingi. Mtu akitaka kijana yake awe mwanaume, anampeleka wapi? Si kwao? Huyu mama alipeleka wake Bungoma. Sasa hiyo soko anawaahidi, akishapata kura atajenga wapi? Si ni huko Kanduyi?"

Watu wakacheka. Si wote, lakini kicheko kikishaanza kwenye umati hakiulizi nani alikianza. Nikapewa kipaza sauti. Nilisimama pale, nikasema, "Hayo ni mambo ya familia," nikakirudisha. Mtu anayeomba kura akisema kuna swali haliulizwi, ameshajibu vibaya. Nilishindwa, tena vibaya, na nililia wiki nzima.

Majuma machache baadaye nikamwona mwenyekiti wetu wa tawi akitoka kwenye lile duka la mbao, anacheka, amewekewa mkono begani na mwenye duka. Sina ushahidi wa lolote, mwanangu. Nina macho tu. Lakini nilirudi nyumbani nikaanza kujiuliza swali nililopaswa kujiuliza nikiwa bado ofisini: huyu aliyenifagilia njia, alitaka nifike wapi?

Siku moja mchana Mwalimu Barasa akaja kwangu. Nilijua amekuja kunicheka. Sikumpa kiti. Akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mama Kamau, ni nani alikwambia mimi nimejiondoa?"

"Mwenyekiti."

"Mimi naye aliniambia ati wewe umesema nikisimama, utahama chama na akina mama wote. Nikaona wacha nisivunje chama. Si ndivyo ulisema?"

"Sijawahi kusema hivyo!"

Tulitazamana. Sikumwamini, na nadhani hata yeye hakuniamini. Halafu akasema jambo lililonikalisha chini.

"Hilo swali ya kijana wako, mimi ningekuuliza kwa mchujo. Tena ningekuuliza vibaya. Ungelia mbele yangu, uende nyumbani, utafute jibu, urudi. Wewe ni mtu wetu, unajua mila. Kabla kijana akatwe, si anaenda kwa mjomba kwanza? Na mjomba anamfanya nini?"

Nilijua. Nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu kwa Wekesa. Siku moja kabla ya kisu, mjomba humchinjia kijana ng'ombe, humvika ukanda wa nyama shingoni, humpiga kofi zito na kumtolea maneno makali mbele ya watu wote: kama wewe ni mwoga, rudi kwa mama yako sasa hivi. Kamau alipopigwa kofi lile nilitaka kumrukia kaka yangu. Wanawake wenzangu ndio walionishika.

"Anampiga kwa sababu anampenda," Mwalimu akasema. "Aogopee hapo, mahali pa mjomba, asiogopee mbele ya kisu. Sasa wewe, mama, wewe ulienda kwa kisu bila kofi."

Akavaa kofia yake akaenda. Nilikasirika sana. Nilikasirika kwa sababu alisema kweli, na kwa sababu niliyempa kiti siku zote alikuwa mwenyekiti.

Miaka mitano ikapita. Uchaguzi ukakaribia, na mwenyekiti yule yule akanipigia simu. Sauti tamu. Ati mama, safari hii tumejifunza, tutaongea na Mwalimu, tiketi ni yako. Nikamwambia amwache Mwalimu agombee.

Akaniuliza, "Mama, unajitafutia taabu ya nini?"

Hapo ndipo nilipojua sijakosea.

Mchujo ule ulinitoa jasho. Tulikuwa na mikutano mitatu ya wanachama, na katika wa kwanza Mwalimu alisimama akaniuliza lile swali la Kamau bila kupepesa, mbele ya kwaya yangu na mbele ya majirani. Nililia kwa hasira. Katika wa pili nilijibu, lakini nilijibu kwa matusi, nikawachambua shemeji zangu mmoja mmoja mpaka watu wakainamisha vichwa. Nilipofika nyumbani Kamau, ambaye sasa alikuwa mwanaume mwenye ndevu, akaniambia kwa upole, "Mama, si useme tu vile ilikuwa."

Katika mkutano wa tatu nikasema tu ilivyokuwa. Nikasema: "Niliwaita ndugu za baba yake mara tatu. Hawakuja. Mtoto hawezi kungoja ugomvi wa watu wazima uishe. Nikampa aliyekuja. Na hata nyinyi, nikiita serikali mara tatu kwa ajili ya soko lenu na isije, nitatafuta atakayekuja." Akina mama wakapiga vigelegele. Mwalimu akaandika kitu kwenye daftari lake kama anayesahihisha mtihani.

Siku ya mchujo tulipiga mlolongo, kila mtu anapanga mstari nyuma ya mgombea wake mchana kweupe. Kura ya mlolongo ina ubaya wake, lakini haina pazia. Nilimwona rafiki yangu wa kwaya, tuliyekula naye sahani moja, amesimama kwa Mwalimu. Iliniuma, lakini ni heri nilijua mapema. Kisha nikageuka nikamwona shemeji yangu mdogo, asiyenisalimu kwa miaka mingi, amepanga mstari wangu akitazama viatu vyake. Hata yeye nilimtilia shaka, nikauliza ni nani amemtuma. Hakuwa ametumwa. Nilimshinda Mwalimu kwa watu wachache sana.

Na mwenye duka la mbao, ambaye sasa ndiye aliyekuwa diwani, hakuwa amejifunza lolote. Wagombea wote tulipokutana tena uwanjani akachukua kipaza sauti, akaanza, "Mtu akitaka kijana yake awe mwanaume..." Hakumaliza. Mama mmoja muuza nyanya akapiga kelele kutoka nyuma, "Hiyo tulishasikia, bana! Leta ingine!" Uwanja mzima ukaangua kicheko, na mara hii si mimi niliyechekwa. Hakuwa na ingine.

Kiti nilikipata, na paa la soko lipo mpaka leo. Linavuja upande mmoja, lakini lipo.

Mwalimu Barasa tulimzika miaka mingi iliyopita. Mpaka anaingia kaburini sikujua kama aliniuliza lile swali kwa wema au kwa kukitaka kiti. Nimefikiria sana, nikaona hainihusu. Nilijifunza kulijibu, basi.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Usikubali kupewa tiketi nyumbani kama sahani ya chakula cha msiba. Muulize anayewaondoa wenzako amewaambia nini, kisha nenda kwa hao wenzako uwaulize wao, maana maneno ya mpatanishi hayafanani pande mbili. Waombe wagombee. Jambo unaloogopa kuulizwa, na unalo, kila mtu analo, liache liulizwe sasa na watu wa chama chako, wakati bado kuna kesho. Utalia. Utajibu vibaya. Utajibu tena. Ukishinda, nenda kwa aliyeshindwa kabla hajakuja kwako, ukae kwenye kiti atakachokupa, na umwamini kiasi. Ukishindwa, utakuwa umeshindwa na mtu anayejua kupigana, na wadi haitakosa kitu.

Nenda kawapigie simu leo. Mungu akupe wapinzani wanaokutazama usoni. Akupe ulimi mwepesi wa kusema kweli na ngozi ngumu ya kuisikia. Na yeyote atakayekushika mkono kwa mikono miwili akikuahidi njia nyeupe, Mungu akufumbue macho uone miguu yake imeelekea wapi.