Msaidizi Wangu wa Siri na Mgonjwa wa Mwisho

"Ile foleni yako bado inamruka mgonjwa wa mwisho?"

Aliyeniuliza ni fundi cherehani wa jirani. Niliganda mlangoni kwake na suruali yangu mkononi.

Sikuwa nimemwambia mtu. Hiyo ilikuwa siri kati yangu na kompyuta.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Mimi naandika programu, na wakati huo kazi yangu ilikuwa ya kupanga foleni ya wagonjwa wa zahanati fulani. Bosi alishatuonya tusipeleke kazi za wateja kwa akili mnemba za mtandaoni. Likivuja neno moja, unafungasha virago. Na mkataba wangu ulikuwa unaisha Ijumaa.

Basi nikajitengenezea ya kwangu.

Nilipakia modeli, yaani akili mnemba ndogo, kwenye kompyuta kuukuu, nikaiweka chumbani kwa shangazi ninayeishi naye kwa sababu ndiko kuna feni. Nikavuta waya hadi mezani kwangu sebuleni. Naandika swali kwenye skrini nyeusi, jibu linarudi. Intaneti hakuna kabisa.

Siku ya kwanza ilijibu upuuzi. Siku ya pili ikawa moto wa kuotea mbali.

Niliandika: "Tafadhali, kwa nini foleni inamruka mgonjwa wa mwisho?"

Baada ya nusu saa: "Umeanza kuhesabu na sifuri, ukaishia kabla ya wa mwisho. Hesabu kwa vidole. Umekula?"

Nikahesabu. Kweli bwana. Hilo la kula nikaona ni ustaarabu tu.

Nikajisifu ofisini mpaka bosi akasema Ijumaa anakuja kuiona. Ikimridhisha, mkataba naongezewa.

Alhamisi ndiyo fundi akaniuliza swali lake.

Nilirudi nyumbani mbio, nikakagua waya inchi kwa inchi. Nikazima simu. Nikatoa hadi betri za redio, sijui kwa nini.

Ijumaa bosi akakalia kiti changu, akaandika: "Eleza kosa la programu hii haraka."

Jibu likaja: "Wewe si mwanangu. Yeye huanza na tafadhali. Andika upya."

Bosi akanitazama. Mimi nikatazama dari.

Akaandika upya, kwa adabu zote. Mara mlango wa chumbani ukafunguka. Shangazi, mwalimu mstaafu wa hesabu, akatoka na miwani puani.

"Hili refu, nitaeleza kwa mdomo. Vidole vimechoka."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Wakati wa majaribio niliruhusu swali litokee kwenye skrini ya ile kompyuta ya chumbani, modeli ikigoma, ili nichape jibu mwenyewe. Nikasahau kuondoa. Modeli ilikuwa imezimika tangu siku ya pili.

"Nilidhani unaona haya kuniuliza uso kwa uso," shangazi akasema.

"Na fundi cherehani alijuaje?"

"Lile la foleni nilimpelekea. Yeye anapima watu kila siku."

Nikajua nimekwisha. Siri za mteja zilishapita kwenye cherehani.

Bosi alicheka mpaka akavua miwani. "Mama, shikamoo. Jumatatu utaweza kuanza saa mbili? Ila kwa fundi usipeleke tena."

"Marahaba. Na huyu mwanangu?"

"Atakuwa msaidizi wako."

Basi nipo kazini mpaka leo, na kazi zangu zinarudi na wino mwekundu. Nawe ukitaka kujenga akili ya nyumbani, kwanza gonga mlango wa chumba cha pili. Huenda ipo tayari.