Pua ya Idwal Probert

Kwenye biashara ya samani za kale nimeona mengi. Ila mkulima kupimwa pua kwa futi kamba, ukumbi mzima ukishangilia, niliona mara moja tu.

Na mwenye kesi nilikuwa mimi.

Naitwa Nerys Beddoes, wa Ludlow, huku mpakani na Wales. Nauza vitu vya mwaloni wa zamani: makasha, viti, michongo iliyotolewa kwenye nyumba zilizobomolewa. Ule mwaloni mweusi, mzito, unaonukia nta na moshi.

Siku hiyo nilikwenda shambani kwa Idwal Probert kuangalia kasha. Takataka tupu! Limeundwa juzi, likapakwa rangi ya chai.

Nikaaga. Natoka, nikaona mlango wa banda la nguruwe umezuiwa na kichwa cha mtu.

Cha mti, jamani. Pumueni.

Macho yamemtoka, ulimi nje, na pua... weee! Imepinda kushoto kama kona ya barabara, katikati ina nundu.

Nikakitazama kichwa. Nikamtazama Idwal. Nikakitazama kichwa tena.

Pua ile ile!

"Mbona unacheka, dada?"

"Aa, hamna. Hiki unauza?"

"Mlango wangu nitauzuia na nini?"

Tukapatana bei, na jiwe la kuzuia mlango juu yake.

Nikakipeleka kwenye maonyesho ya vitu vya kale. Mara yangu ya kwanza kuwa na meza yangu mwenyewe! Ila kule kuna kamati ya wakaguzi. Ukikutwa na kitu cha kughushi, kinatolewa nje, na jina lako linakifuata.

Jirani yangu wa meza alikuwa Crispin Tolley, skafu ya hariri shingoni, ulimi kama wembe.

Alipokiona tu, akapasuka kwa kicheko.

"Kamati! Njooni muone vituko! Huyu si Idwal wa mnada wa ng'ombe? Bibie kamchonga wiki iliyopita!"

Watu wakajaa. Nikampigia Idwal simu.

"Kaka, njoo useme kichwa hiki ulikitoa wapi. Nakufa huku!"

"Nakamua."

"Ng'ombe watakusamehe!"

Akaja na mabuti yake, samadi na vyote. Aliposimama kando ya kile kichwa, ukumbi ulilipuka. Mama mmoja alicheka mpaka akakalia kiti cha kuuzwa, na kile kiti hakikaliwi.

"Kilikuwa bandani tangu enzi za babu," Idwal akasema. "Kwani kuna nini?"

Hakuwa ameona kabisa kwamba pua zinafanana!

Bi Aske, mwenyekiti wa kamati, mama mfupi mwenye lenzi shingoni, akatoa futi kamba. Akapima pua ya mti. Akapima pua ya Idwal.

"Sawasawa," akatangaza.

Mtu akapaza sauti: "Damu haipotei! Huyo ni babu wa babu yake!"

Makofi! Vigelegele! Bi Aske akasema kichwa kimepita. Mimi nilikuwa nacheka huku nalia, nimemkumbatia Idwal na samadi yake.

Papo hapo akajitokeza mama mwenye hoteli, Bi Lettice Orme.

"Nakichukua! Pua ya ukoo, miaka mia nne! Bwana Probert, nyumbani kwenu mnayo wote?"

Idwal alikuwa anatafuna pai.

"Ukoo gani? Pua hii alinipa Blodwen."

"Bibi yako?"

"Ng'ombe. Alinipiga teke nikimkamua. Kabla ya hapo ilinyooka kama rula."

Nikatamani ardhi inimeze.

"Nilisema!" Crispin akaruka. "Feki!"

"Kaa chini, Crispin," Bi Aske akasema. "Unadhani nimekipitisha kwa sababu ya pua? Nilikigeuza mgongo kabla huyu bwana hajafika. Mti umenywea kwa uzee, alama za tezo hazijaguswa, na matundu ya misumari ya mti yapo pale kilipokuwa kimeshikilia boriti. Kichwa ni cha kale bila ubishi."

"Sasa pua ulipima ya nini?" Crispin akauliza.

"Nilikuwa najifurahisha. Asubuhi yote nimekagua meza za kulia!"

Bi Lettice akaanza kutikisika mabega. Kisha akaachia kicheko kikamwambukiza kila mtu, hata mimi niliyekuwa nusu maiti.

"Bado nakichukua," akasema akifuta machozi. "Na kitaitwa Blodwen."

Nikiwa nakifunga kwenye blanketi, nilimwona Crispin amemvuta Idwal pembeni, mkono begani kama ndugu wa kuzaliwa.

"Kaka, bandani hujabakiza kingine?"

Ndugu zangu, hadithi tamu itakuchekesha, lakini haikukingi siku ya ukaguzi. Iwe kasha, iwe mchumba: kigeuze kwanza uone mgongo wake.

Ukishaona, hapo sasa cheka upendavyo.